Mlevi Haumii Peke Yake

Naiusia nafsi yangu kwanza, kisha nakuusieni nanyi, tumche Mwenyezi Mungu kwa siri na kwa dhahiri, tukiwa msikitini na tukiwa machimboni. Mola tunayemsujudia hapa ndiye anayetuona kule.

Leo sitakaa kuwaeleza kuwa pombe ni haramu. Hilo mnalijua. Mtoto wa madrasa ambaye hajamaliza Juzuu Amma analijua, na hata ndugu yetu aliyeko kilabuni saa hizi ukimuuliza hukumu yake atakujibu bila kusita, kisha ataagiza nyingine. Nimekuja kuzungumza habari za mifupa. Mguu uliovunjika njia ya Katoro, vidole vilivyobaki Rwamgasa kwenye karasha, ile mashine ya kusaga mawe, kijana aliyetumbukia kwenye duara, lile shimo la dhahabu, usiku akitoka kilabuni akaokotwa asubuhi. Haya tunayaona Kahama, Kakola, Mwakitolyo, Nyarugusu, na tumeyazoea mno mpaka tukisikia tunauliza jambo moja tu: "Alikuwa amelewa?" Tukijibiwa ndiyo, tunanyamaza, kana kwamba kesi imekwisha.

Tuanze na Kitabu. Aya ya 90 ya Suratul Maida, iliyofunga mlango wa pombe, tunaisoma sana, lakini wengi hatujui kuwa miongoni mwa sababu za kushuka kwake kuna majeruhi. Imamu Muslim amepokea kutoka kwa Saad bin Abi Waqqas mwenyewe, radhi za Allah ziwe juu yake. Kabla pombe haijaharamishwa alialikwa na kundi la Ansari na Muhajirina kwenye bustani. Kichwa cha ngamia kimechomwa, kiriba cha mvinyo kipo. Wakala, wakanywa, na ulimi ukafunguka. Nani bora, Muhajirina au Ansari? Saad akasema Muhajirina. Mtu mmoja akaokota mfupa wa taya la kile kichwa, akampiga nao puani, pua ikapasuka. Saad akaenda kwa Mtume, swalla Llahu alayhi wa sallam, akamweleza yaliyompata, ndipo ikashuka aya ya pombe.

Waangalieni waliokuwa pale. Saad ni mmoja wa wale kumi waliobashiriwa Pepo. Ni yeye aliyekuja kuongoza jeshi la Waislamu Qadisiyya. Hawakuwa wahuni wa sokoni. Na kabla ya hapo, Hamza, simba wa Mwenyezi Mungu, naye pombe ilipokuwa bado haijakatazwa, alitoka kwenye kinywaji na upanga mkononi akakata nundu za ngamia wawili wa Ali, mtoto wa ndugu yake. Bukhari ameipokea. Ngamia wale Ali alikuwa anawategemea kwa maandalizi ya harusi yake na Fatuma.

Basi ikiwa pombe iliwafanyia hivyo masahaba, wamekaa chini, kwenye bustani, silaha ya mmoja ikiwa ni mfupa wa chakula, vipi kuhusu mtu anayening'inia kwenye kamba juu ya duara?

Wengi wenu mmeshuka, sina haja ya kuwahadithia. Lakini kuna wanaoswali nasi hapa ambao wanafanya biashara ya mchele na vitenge, na duara wanaliona kwa mbali tu. Ndugu zangu, mchimbaji mdogo anashuka kwa kamba, au kwa kukanyaga vishimo vilivyochongwa ukutani, mguu huku na mguu kule, mgongo umegusa jiwe, tochi imefungwa kichwani. Pembeni kuna matimba, yaani magogo yanayozuia udongo usiporomoke. Juu kuna mtu wa winchi. Huyu wa winchi ndiye roho ya waliomo ndani: anasikiliza sauti, anasikiliza kamba ikitikiswa, anajua sasa wanataka kupandisha mawe, sasa wanataka kupanda wenyewe. Akichelewa kidogo kufunga breki, gunia la mawe linarudi chini kwa walio chini. Wale wa chini wanaweza kuwa hawajawahi kuonja tone la pombe maisha yao yote. Wanaswali swala tano. Lakini wamefia kwenye pombe ya mtu mwingine.

Ndiyo maana nasema mlevi haumii peke yake, na mara nyingine haumii kabisa: wanaumia wenzake.

Naomba nisieleweke vibaya. Maduara yanaporomoka hata kwa watu wasiokunywa. Oktoba 2015 kule Nyangalata, Kahama, wachimbaji walifukiwa, na watano wakatolewa wakiwa hai baada ya siku 41, wakiwa wameishi kwa mizizi na wadudu. Mmoja wao akafariki baadaye hospitalini. Januari 2017 Nyarugusu walinaswa ardhini watu 15, wakatolewa wote salama siku chache baadaye. Agosti 2025 pale Nyandolwa, Shinyanga, walifukiwa watu 25. Asithubutu mtu kusimama na kusema hao walikuwa walevi. Ardhi imewaangukia, na aliyekufa kwa kuporomokewa tunamtarajia daraja ya shahidi, kama alivyotufundisha Mtume. Ninachosema ni kwamba kazi hii ni ya hatari kwa mtu mwenye akili zake timamu, macho yake mawili na masikio yake yote. Ukiishusha chini akili hiyo kwa gongo, umebakiwa na nini cha kukulinda?

Na takwimu zipo, kwa wanaotaka takwimu. Shirika la Afya Duniani lilieleza mwaka 2024 kwamba kwa mwaka 2019 pombe ilisababisha vifo takribani milioni 2.6 duniani, na zaidi ya 700,000 kati ya hivyo vilitokana na majeraha: ajali za barabarani, kuanguka, kuzama, kupigana, kujidhuru. Hapa kwetu Tanzania, watafiti waliowahoji majeruhi katika idara ya dharura ya KCMC, Moshi, waliona takribani watu 3 katika kila 10 walikuwa wamekunywa kabla ya kuumia. Huko ni Moshi, kwenye mbege na kahawa. Sitaki kubahatisha hesabu ya huku kwetu kwenye dhahabu, ila wauguzi wenu mnawajua, waulizeni juu ya usiku wa kuamkia Jumapili.

Liko jambo moja vijana wananibishia kila mara. Kijana anasema, "Shehe, mimi nakunywa usiku, asubuhi naingia kazini nikiwa fresh." Sikiliza, mwanangu. Mwili hauna haraka na pombe. Ini linaiondoa kidogo kidogo, na bia moja ya nusu lita inachukua saa mbili hivi au zaidi mpaka iishe. Aliyekunywa sita mpaka saa sita usiku, alfajiri muadhini anapoadhini bado anazo mwilini. Supu ya makongoro haiziondoi. Kahawa haiziondoi, inamfanya awe mlevi aliye macho. Kuoga maji ya baridi hakuziondoi. Na ile mnayoita kuzimua, kupiga kidogo asubuhi ili kichwa kitulie, ni kuongeza mafuta kwenye moto. Anashuka duarani mikono haitetemeki, naye anadhani amepona, kumbe amelewa upya. Joto la chini linamkausha, hewa ni finyu, mizani ya mwili imekwenda, na umbali wa hatua anaukosea. Mwenzake anapiga kelele "mawe!" yeye anageuka polepole kuuliza, "Nini?"

Najua kwa nini wanakunywa. Wengine kwa furaha: duara limetema dhahabu, pesa ipo mfukoni, na nje ya geti la machimbo zimepangwa grosari kama maduka ya sikukuu. Wengine kwa huzuni ya miezi mitatu bila kuona hata gramu. Lakini wengi, na hili wanalisema kwa sauti ya chini, wanakunywa kwa woga. Shimo linatisha. Ananunua kichupa ili aweze kushuka. Mnakumbuka viroba vya plastiki vya pombe kali, Serikali ilivipiga marufuku kuanzia tarehe 1 Machi 2017, Waziri Mkuu wa wakati huo, Kassim Majaliwa, akitangaza. Tukashukuru. Vikaja vichupa vidogo, vinaingia mfuko wa suruali vilevile. Gongo nayo imekatazwa na sheria ya nchi, na leo ukitaka kujua inauzwa wapi huhitaji kuuliza mara mbili. Sheria peke yake haitatuokoa, ingawa sisemi tuiache.

Woga wa shimo, ndugu zangu, ni neema. Mwenyezi Mungu amekupa woga ili ukague kamba kabla ya kuishika, ugonge matimba usikie kama yameoza, umuulize wa baruti kama milipuko yote imelia. Ukiuzima woga kwa pombe umemfukuza mlinzi uliyepewa bure. Suratul Baqara aya ya 195 inatukataza kujitia wenyewe kwenye maangamizi kwa mikono yetu. Sijui mikono gani inasemwa zaidi kuliko ile iliyoshika kichupa na kamba kwa wakati mmoja.

Nije kwa watu wa pikipiki. Hawa ni vijana wetu, wengine wameegesha hapo nje, Allah awabariki kwa kuja. Nilikwenda kumtazama kijana mmoja wodini, mguu umevutwa kwa kamba na kizito kinaning'inia mwisho wa kitanda. Nikamwombea dua. Hakuniuliza juu ya mguu. Aliniuliza, "Shehe, mkataba nitaulipaje?" Pikipiki ilikuwa ya mkataba, hesabu ya kila siku kwa mwenyewe mpaka iwe yake, na sasa ipo kituoni imekunjamana, na abiria wake mama mmoja aliyekuwa akirudi mnadani yuko wodi ya pili. Kijana alikuwa amepata moja moto, moja baridi na wenzake kijiweni. Mbili tu, alisema. Barabara ilikuwa ile ile anayoijua, giza lile lile, na lori lililoharibika limeegeshwa bila taa. Mtu asiye na kitu kichwani angeliona.

Sasa nieleze jambo ambalo halisemwi kwenye mimbari zetu, na ni haki mlisikie. Mama yule angefariki, ingekuwaje kwa kijana yule mbele ya Mwenyezi Mungu? Polisi watafungua jalada, ndugu watakaa, watachanga rambirambi, jirani watasema ni mapenzi ya Mungu. Lakini Suratun Nisaa aya ya 92 inaeleza hukumu ya aliyemuua muumini kwa kukosea, bila kukusudia: diya, yaani fidia ya damu, kwa familia ya marehemu, isipokuwa waisamehe, na kafara juu ya muuaji. Kafara hiyo ni kumwacha huru mtumwa muumini, na asiyempata afunge miezi miwili mfululizo. Siku moja akiikata bila udhuru, anaanza upya. Hii ni kwa aliyekosea akiwa na akili zake! Familia ikisamehe diya, kafara haijasamehewa, kwa sababu ni haki ya Mwenyezi Mungu. Ni wangapi katika ukanda huu wamegonga mtu akafa, wakatoka mahabusu kwa dhamana, wakarudi kijiweni, na hiyo miezi miwili hawajafunga hata siku moja? Kama upo hapa, njoo tuzungumze faragha. Mlango haujafungwa.

Niwaendee wenye maduara, na najua mpo safu za mbele, mnachangia msikiti, jazakumullahu khayran. Iko hadithi sahihi mnaipenda. Mtume, swalla Llahu alayhi wa sallam, alisema kwamba jeraha la mnyama halina fidia, na kisima hakina fidia, na mgodi hauna fidia. Bukhari na Muslim wote wameipokea. Nimeisikia ikitajwa barazani baada ya mazishi, kwamba shehe, si imeshasemwa, mgodi hauna fidia? Taratibu. Wanazuoni wameisherehesha hadithi hii na kusema ni kwa aliyechimba mahali alipo na haki ya kuchimba, bila kuvuka mipaka wala kumdhuru mtu. Akichimba kwenye njia ya watu, kisha mtu akatumbukia, anawajibika kulipa fidia. Basi yale maduara mliyoyaacha wazi pembeni ya njia ya kwenda kisimani, bila uzio, bila kufukia, kwa sababu hayakutema, msiyafunike kwa hadithi. Mlevi akitumbukia humo usiku, ulevi wake ni dhambi yake, na shimo ni deni lako.

Na mimi kwa ufahamu wangu mdogo nasema hivi: mwenye duara aliyemwona kijana ananuka pombe, anayumba, akamfunga kamba kiunoni akamshusha kwa sababu mzigo lazima utoke leo, huyo hana kinga katika hadithi ile. Hiyo haiitwi ajali ya mgodi. Mbaya zaidi ni yule anayewapa timu yake kinywaji kama sehemu ya posho, eti wapate nguvu. Mtume amewalaani watu kumi katika pombe: anayeikamua, anayekamuliwa, anayeinywa, anayeibeba, anayebebewa, anayeinywesha, anayeiuza, anayekula thamani yake, anayeinunua na anayenunuliwa. Hesabuni, mnywaji ni mmoja tu. Tisa wanaobaki wanaweza kuwa hawajalewa hata siku moja. Mwenye fremu aliyempangisha muuza gongo kwa sababu analipa kodi ya miezi sita mbele, ajipime mwenyewe kwenye orodha hiyo anakaa karibu na nani.

Simtupii lawama zote mama anayepika gongo. Wengi wao ni wajane na walioachwa, na moto wa mtambo ule umewaunguza wao na watoto wao. Kama tunataka aache, tumtafutie la kufanya. Zaka ya mavuno ya mwaka huu inaweza kumnunulia mashine ya kushona au mtaji wa dagaa kutoka mwaloni. Tukimfukuza bila kumpa mbadala, atahamia mtaa wa pili, na wateja watamfuata.

Na aliyeumia naye tusimtukane. Hili linanikera kuliko yote. Mtu yupo barabarani, damu inamtoka, watu wamezunguka na simu wanapiga picha, na mmoja anasema, "Mwacheni, pombe zake." Zama za Mtume kulikuwa na mtu akiletwa mara kwa mara kwa kosa la kunywa, na siku moja mmoja wa waliohudhuria akamlaani. Mtume akamkataza, akasema kuwa mtu huyo anampenda Mwenyezi Mungu na Mtume wake. Adhabu alipata, laana hakupata. Basi ukimkuta mlevi ameanguka, mlaze ubavu asipaliwe na matapishi. Ukishuku mgongo au shingo, usimnyanyue kwa kumvuta mikono kama gunia, na usimpakie mishikaki kwenye pikipiki. Tafuteni ubao, tafuteni gari. Damu ibonyeze kwa kitambaa safi, bonyeza kwa nguvu, usiache kila mara kuchungulia. Mkifika hospitali msimfiche daktari kwamba alikunywa. Mkificha anaweza kudhani usingizi wake ni wa pombe tu kumbe kichwa kinavuja damu ndani, au akampa dawa isiyopatana nayo. Fomu ya PF3 ichukuliwe polisi mapema, asiachwe kwenye benchi akisubiri ndugu wabishane nani aifuate.

Ndugu zangu, watu wa ardhi hii hawakuwahi kungoja kuletewa suluhisho. Mwanzoni mwa miaka ya 1980, wezi wa ng'ombe walipozidi, wazee wa Kahama na Shinyanga ndio waliosimamisha Sungusungu, kijiji kwa kijiji, na wizi ukarudi nyuma. Walikosea mengine, tunajua, kuna watu walionewa. Lakini hawakusema, hayo ni mambo ya polisi. Sasa ng'ombe tuliwapigania hivyo, vijana wetu je?

Sitaki tutoke hapa na machozi tu. Nina ombi, na ombi lenyewe ni la leo. Wenye maduara, wenye karasha na wenye pikipiki za mkataba ambao mko hapa, baada ya swala msikimbilie viatu. Tukae barazani nusu saa. Tuandikiane makubaliano mafupi kwa mkono: aliyekunywa hashuki duarani wala hashiki winchi siku hiyo, na hatapoteza nafasi yake kazini kwa kusema kweli kwamba alikunywa, dereva aliyekunywa anakabidhi funguo kwa deiwaka, yaani dereva wa kumshikia nafasi, na mwenye pikipiki anasamehe hesabu ya siku hiyo, kila duara lililokufa karibu na njia ya watu linafukiwa au kuzungushiwa miti kabla ya Ijumaa ijayo, na anayekosa nguvu kazi aseme, vijana wa msikiti watakuja na majembe. Kalamu na daftari anavyo katibu. Mimi nitatia sahihi kama shahidi, na Ijumaa ijayo nitasoma hapa ni maduara mangapi yamefukiwa.